Jora la Ukungu

Kiti kilikuwa cha moto. Msusi alikikalia, akainuka, akakigusa kwa kiganja, akakaa tena. Alikuwa ametoka mbio nyumbani kumnyonyesha mwanawe, jasho linamchuruzika mgongoni, na mle chumbani hapakuwa na mtu. Kiti kilichoachwa peke yake muda wote ule kilipaswa kuwa kimepoa. Lakini mtu aliyechoka hagombani na kiti, na yeye alikuwa amechoka mpaka kuogopa nako aliona ni kazi ya ziada.

Kilichomshtua ni skrini. Jora lilikuwa limekwisha.

Hapa inabidi nieleze kazi yenyewe, maana nikisema watu wazima na akili zao walikuwa wanaamka asubuhi kwenda kufuma kitambaa kisichoshikika, mtaanza kuniangalia vibaya. Kuna mchezo wa kompyuta, ile michezo ya kutupwa porini huna mbele wala nyuma, nchi imejaa mazimwi na baridi, ujitafutie mwenyewe cha kula na cha kuvaa. Ukitaka kupanda milima ya barafu usife, lazima uwe na joho la kitambaa cha ukungu. Ukitaka hema lisilopenywa na upepo, kitambaa hicho hicho. Sasa kukipata ni kazi. Kwanza uchume sufi kwenye vinamasi huku vitu vyenye meno vinakufukuza. Uisokote iwe uzi. Halafu ukae kwenye mtambo wa kufumia, na hapo ndipo watu wengi walipokuwa wananyoosha mikono juu. Uzi unapita kutoka kushoto kwenda kulia, na ukifika kwenye alama ubonyeze. Ukiwahi unakatika, ukichelewa unakatika, na ukikatika jora zima linafumuka mpaka mwanzo. Na mtambo haujui kusimama. Ukishauwasha asubuhi, ni wewe na yeye mpaka alasiri.

Kwa hiyo matajiri wasio na subira, huko waliko, walikuwa wananunua majora yaliyokwisha kufumwa. Ndipo mtu mmoja aliyependa kuitwa Bosi akapanga chumba juu ya duka la magodoro, akajaza kompyuta, akatafuta watu wenye vidole vyepesi. Msusi aliitwa hivyo kwa sababu alisuka nywele miaka mingi, mpaka miguu ilipomkatalia kusimama kutwa. Zamu ya mchana walikuwa wawili tu, yeye na kijeba mmoja mwenye maneno mengi aliyeitwa Chaja, kwa kuwa tangu aanze kazi hajawahi kuja na chaja yake mwenyewe.

Walikuwa na desturi yao. Ukibanwa, iwe haja, iwe simu, iwe njaa, unasema, "Nishikie." Mwenzako anajibu, "Haya," anasogeza kiti, anabonyeza kwako kwa mkono mmoja na kwake kwa mkono mwingine mpaka urudi. Na aliyekushikia, naye akikuomba lolote, humkatalii. Uwe umechoka, uwe unaumwa kichwa, unasema haya. Bosi alibandika sheria zake ukutani na hakuna aliyezisoma. Hii ya kutokataa haikubandikwa popote, na ndiyo iliyoshikwa.

Msusi ndiye aliyekuwa anashikiwa kuliko wote, kwa sababu ya mtoto. Mwanawe alikuwa kichanga bado, na alikuwa na ukorofi wa kuzaliwa nao. Hataki chupa, hataki kikombe, hataki kijiko. Anataka titi la mama yake au basi. Nyumba ilikuwa kichochoro cha pili tu nyuma ya duka, na bibi wa mtoto, yaani mama yake Msusi, akishindwa kumbembeleza alikuwa anaibipu simu ya bintiye. Simu ikilia mara moja na kukata, Msusi anaruka.

Siku hiyo simu ililia, na yeye hata hakuinua macho. Alisema, "Nishikie," akasikia, "Haya," akatoka mbio.

Sasa amerudi, kiti ni cha moto, jora limekwisha, na Chaja ndiyo kwanza anaingia mlangoni na chupa ya maji.

"Asante kwa kunishikia," Msusi akasema.

"Nimekushikia nini? Mimi langu limekatika mapema, natoka kwa fundi simu."

"Si umeniitikia hapa hapa?"

"Dada, ni usingizi huo. Juzi mimi nimesimama nikamsalimia mlango wa choo, nikasubiri ujibu."

Wakacheka, basi. Msusi akaliangalia jora lile. Vitambaa vya ukungu hutofautiana, fumo likiwa na makosa madogo madogo kitambaa kinatoka na madoa. Hiki hakikuwa na hata doa. Kilikuwa cha kijivu laini, na ukikitazama sana ungeapa kinapumua. Bosi alipokiona alifurahi mpaka akasahau kugomba.

Siku iliyofuata Chaja aliposhuka tena, na simu ikalia tena, Msusi alikitazama chumba chote kwanza. Viti vitupu. Pazia limetulia. Akasema kwa sauti ya chini, nusu akijicheka mwenyewe, "Nishikie."

"Haya."

Ilikuwa sauti ya mwanamke, na ilitokea karibu kabisa na bega lake. Haikuwa ya kutisha. Ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka kama yeye. Msusi alishuka zile ngazi mbio, akafika nyumbani akamshika mwanawe kifuani akitetemeka mwili mzima, na mama yake akamuuliza kama ana homa. Akasema hapana, ni jua. Aliporudi, uzi ulikuwa unapita sawasawa, haujakatika, na mle ndani palikuwa na harufu ya moto wa mkaa uliomwagiwa maji.

Mngekuwa ninyi mngeacha kazi, najua. Hata mimi ninayesimulia nasema ningeacha. Lakini mngekuwa na kichanga kinacholia kichochoro cha pili, na mtambo usiojua kusimama, na mgongo unaouma tangu kujifungua, sijui. Msusi aliendelea. Wiki ikapita akazoea, na alipozoea akaongeza. Akawa anaondoka hata simu haijalia. Anakwenda nyumbani, anajitupa kwenye mkeka pembeni ya mtoto, anapata usingizi kidogo mtamu, anarudi anakuta kazi inaendelea. Kila akipanda ngazi anasikia kibodi ndani, ta, ta, ta, taratibu, pamoja na mvumo wa mtu anayembembeleza mtoto kwa wimbo usio na maneno. Akiingia, kimya.

Chaja ndiye aliyelileta neno. Alimngoja ngazini, uso umempauka.

"Dada. Nani yule?"

"Nani?"

"Usinifanye mjinga. Anayekushikia."

Msusi akaangalia huku na huku. "Umemwona?"

"Sijamwona, na Mungu anisaidie nisimwone. Nimeona kibodi yako inabonyea yenyewe. Nikahesabu moja, mbili, nikatoka nikaja kukaa hapa." Akanyoosha kidole juu ya ngazi. "Na kuna mtoto humo ndani. Analia chini chini, kama kafunikwa na kitu."

"Labda ni wa jirani."

"Jirani gani, dada? Chini ni magodoro." Akamshika mkono. "Mwambie asikushikie tena. Nitakuwa nakushikia mimi. Sitashuka tena, hata choo nitaenda asubuhi tu."

"Na siku ukiumwa? Na siku Bosi akikutuma? Mwanangu hanyonyi kwa mwingine, Chaja. Unajua."

Chaja akamwachia mkono. Akaingia kazini kashika rozari ya mama yake mkono mmoja na kipanya mkono wa pili.

Siku chache baadaye, alasiri ile nzito ambayo hata inzi wanakaa, Chaja alikuwa amesinzia na kidevu kimegusa kifua. Msusi alikuwa ametoka kunyonyesha. Alikaa, akaweka kidole kwenye kibodi, macho yanafumba yenyewe, na pumzi baridi ikamgusa sikio.

"Mwenzangu."

"Naam," akajibu, kama unavyojibu ukiwa usingizini.

"Nimekushikia siku zote hizi, sijakuomba kitu."

"Kweli. Asante."

"Nibebee mwanangu kidogo nipumzike. Mikono imekufa ganzi."

Hapo ndipo angenyamaza. Hapo ndipo angekimbia, angepiga kelele, angemwamsha Chaja. Lakini mdomo ulikuwa umeshazoea. Pale kazini aliyekushikia hakataliwi, na ile sauti ilikuwa sauti ya mama mwenziwe aliyefika mwisho.

"Haya. Mlete," akasema.

Kitu kikawekwa kwenye mkono wake wa kushoto. Kilikuwa kizito, kibaridi, na kina unyevu kidogo. Kikajigeuza geuza mpaka kikapata pa kuegemeza kichwa kwenye kiwiko chake, na kikatulia. Msusi akafumbua macho yote mawili akautazama mkono, na mkononi hapakuwa na kitu.

Alijaribu kuunyoosha. Haukunyooka. Alitaka kumwamsha Chaja na sauti haikutoka. Alikaa hivyo mpaka jora likafumuka lote mbele yake, na hakuna aliyeshika.

Nyumbani mwanawe alimpokea kwa kilio. Si kile kilio cha njaa kinachojulikana. Kila alipomsogeza titi la kushoto mtoto alijivuta nyuma, akajikunja, macho yamemtoka anaangalia kwenye mkono wa mama yake, kwenye kiwiko, pale pale. Akamhamishia kulia. Akanyonya kwa wizi, haraka haraka, jicho moja halijaacha kutazama kushoto.

"Kaona nini huyu?" mama yake akauliza.

"Sijui, mama."

"Na huo mkono mbona umeukunja?"

"Umekufa ganzi."

Tangu hapo Msusi hakulala tena usingizi wa maana, kwa sababu kila alipojinyoosha kitandani, mtoto wake akiwa upande wa pili wa chumba kifuani kwa bibi yake, alisikia karibu naye, karibu kabisa, ndani ya nguo yake mwenyewe, sauti ya kunyonya, ile sauti ndogo ya ulimi na mate ambayo kila mama anaijua, na akahisi maziwa yanashuka, yanavutwa, yanaisha, upande wa kushoto kwanza mpaka titi likalegea, kisha kile kitu kikapanda polepole juu ya kifua chake kwa viwiko na magoti, kikatafuta upande wa kulia, kikaupata, na yeye amelala chali anaangalia dari huku machozi yanamwingia masikioni, hawezi kukisukuma maana hakishikiki, hawezi kukipigia kelele maana ni mtoto, na harufu ya mkaa uliozimwa imejaa chumba kizima mpaka mama yake usingizini anakohoa.

Maziwa yakakauka. Walimpeleka kichanga kliniki, nesi akawapa maziwa ya kopo na maelekezo mazuri tu. Kikatapika. Wakajaribu kwa kijiko, kwa kitambaa, kwa kidole. Kikatema kila kitu na kugeuza uso. Nepi zikaanza kumpwaya. Mapaja yale yaliyokuwa na mikunjo yakawa na ngozi inayoning'inia, na kile kilio cha kikorofi, ambacho zamani kilikuwa kinawachosha, kikaanza kupungua nguvu. Bibi yake alikuwa anakaa pembeni yake anaomba alie.

"Lia, baba. Lia, mume wangu, tukusikie," alikuwa anambembeleza.

Kazini nako, Msusi alisema "nishikie" chumbani peke yake mpaka koo likamkauka. Hakuna aliyeitikia. Mwenye mtoto alikuwa amekwenda kupumzika, na hakurudi.

Mama yake ndiye aliyekwenda kumleta Mkunga. Mkunga alikuwa amestaafu kuzalisha watu zamani, na mambo ya majini alikuwa anayafanya kwa kuwa hakuna mwingine mtaani aliyekubali. Alifika analalamika juu ya magoti yake, akalalamika juu ya kizingiti, akaomba kiti chenye mgongo. Akamtazama kichanga kwanza. Halafu akamgeukia Msusi na ule mkono uliokunjwa.

"Leteni kaa la moto."

Akaweka ubani. Moshi ukapanda, ukamsogelea Msusi, na ulipofika kwenye mkono wake ukagawanyika. Ukapita juu na chini ya kitu. Wakaona wote, mchana kweupe, umbo la kichwa kidogo ndani ya moshi, na mgongo uliojikunja, na kiguu kimoja kinachopiga piga hewani. Mama yake Msusi akajiziba mdomo kwa mikono miwili.

"Mtoe, bibi," Msusi akanong'ona. "Nakuomba. Mtoe."

"Punguza sauti, amelala." Mkunga akajisugua goti. "Sikiliza, mwanangu. Jini aliyekuvamia namtoa. Hata kwa matusi anatoka. Huyu hakukuvamia. Uliombwa, ukasema haya, ukapokea kwa mkono wako. Hii ni amana. Nikimtupa huyu nje, mama yake atakuja kumuuliza, na hataniuliza mimi."

"Basi mama yake aje amchukue!"

"Atambebea kwenye nini?"

Msusi hakuelewa.

"Alikuja kwako kambeba kwenye nini? Mbeleko alikuwa nayo?"

"Mikononi. Alisema mikono imekufa ganzi."

"Umeona. Wao nguo zetu haziwakai, zinawapita tu, zinaanguka chini. Huyo mama anatembea na mtoto mikononi tangu amzae." Mkunga akapepea moshi usimwingie machoni. "Hicho kitambaa mnachofuma huko juu ya magodoro, mnakishika?"

"Hakishikiki, bibi. Kinaonekana tu."

"Hakishikiki. Sasa unafikiri alifuata nini kwenye chumba chenu? Uso wako? Alifanya kazi akitegemea atapewa kipande. Majora aliyofuma yako wapi?"

"Yameuzwa. Yote."

Mkunga akacheka kidogo, bila furaha. "Mmemfanyisha kazi bure, maskini, mpaka akaanguka. Nenda ukamfumie jora lake. Ufume mwenyewe, toka uzi wa kwanza mpaka wa mwisho, usimwombe mtu akushikie hata kidogo. Halafu uliache mahali pa wazi alione. Anayeuza jasho la mtu hakopeshwi tena."

"Na maziwa yangu?"

Mkunga akainuka kwa kushikilia ukuta. "Hilo sina dawa. Yakishakauka hivyo, mimi sijaona yakirudi."

Kesho yake Msusi akauwasha mtambo. Alikuwa na mkono mmoja tu wa kufanyia kazi, wa pili umebeba. Chaja alivuta kiti chake mpaka mlangoni akakaa kama bawabu.

"Nikusaidie nini, dada?"

"Usinishikie. Hata nikikuomba."

"Hata ukizimia?"

"Hata nikizimia. Nimwagie maji nizinduke."

Uzi ukapita, akabonyeza. Ukapita, akabonyeza. Kile kitu kikaamka mkononi kikaanza kutafuta titi, kikavuta, hakikupata, kikaanza kulia kile kilio chake cha kufunikwa, na Chaja mlangoni akaziba masikio. Msusi akajikuta anakibembeleza. Angefanyaje? Mtoto ni mtoto. Alimtikisa kwa kiwiko huku anabonyeza, anamwambia nyamaza, mama anakuja, mama kaenda kulala tu, na akawa hajui tena anamwambia yupi kati ya wale wawili.

Jua lilipokuwa utosini simu ikalia mara moja ikakata. Vidole vyake vikataka kuruka. Akabonyeza. Simu ikalia tena, ikakata. Ikalia tena, na safari hii haikukata, ikalia mpaka ikachoka, ikapumzika, ikalia tena, na Msusi meno yamemuuma kwa kuyabana, anautazama uzi unatoka kushoto unakwenda kulia, unatoka kushoto unakwenda kulia, na moyoni anajua mama yake hapigi simu namna ile kwa jambo dogo, na akiinuka sasa jora linafumuka na kesho mwanawe huenda asiwepo wa kuokolewa, na asipoinuka huenda ni leo hii hii, na hapakuwa na mtu duniani wa kumuuliza lipi ni lipi.

"Dada, simu," Chaja akasema, analia waziwazi.

"Naisikia."

Alasiri jora likakwisha. Lilikuwa na madoa mawili, matatu, ya mahali kidole kilipotetemeka, lakini lilikuwa zima. Ndipo Bosi akatokea, akamruka Chaja mlangoni.

"Hilo ndilo! Mteja ananisumbua tangu juzi. Tuma."

"Hili lina mwenyewe, Bosi."

"Mwenyewe ni mimi."

Msusi hakubishana naye. Alimtembeza yule mtu wake wa kwenye skrini mpaka kwenye uwanda wa wazi, penye majani marefu na upepo, akalitupa jora chini. Bosi akapiga ukelele kama aliyemwagiwa uji. Kwenye mchezo ule ukitupa kitu kinabaki hapo hapo, kimelala, mpaka kififie. Jora halikulala. Pembe moja ilinyanyuka. Ikakunjwa. Pembe ya pili ikanyanyuka, ikakunjwa juu ya ya kwanza, vizuri, kwa mikono inayojua. Likazungushwa hewani mara moja, kwa pembe pembe, vile mama anavyoipitisha mbeleko mgongoni. Mchezo ule haukuwa na kitu cha namna hiyo, na wote watatu walijua.

Mkono wa Msusi ukawa mwepesi. Ulinyanyuka wenyewe ukagonga meza.

"Asante, mwenzangu," sauti ikasema, katikati ya chumba, na hata Bosi aliisikia, maana alishuka ngazi nyingine bila hata kuzigusa. Akiwa chini barabarani akapiga kelele kwamba Msusi asirudi tena. Msusi akasema haya. Chaja alimbebea pochi yake mpaka nyumbani, na njia nzima hakutania hata mara moja.

Mama yake Msusi alikuwa amesimama mlangoni.

"Nimekupigia. Nimekupigia mpaka salio la jirani limekwisha." Uso wake ulikuwa umezeeka tangu asubuhi. "Hajalia tangu mchana. Hata nikimfinya."

Msusi akamchukua. Alikuwa mwepesi, mwepesi kuliko yule mwingine. Akamweka kwenye titi la kushoto na mtoto hakujivuta, hakuogopa tena kitu. Akanyonya mara moja, mara mbili. Hapakuwa na kitu. Akaliachia, akamtazama mama yake usoni, hana hata lawama.

"Natafuta gari twende hospitali kubwa," bibi akasema, anajifunga nguo huku anatoka. Chaja akamfuata. "Mwongeleshe, asilale! Na wewe usilale!"

Msusi alijilaza naye, akamweka kifuani. Alimwongelesha. Alimwambia habari za vinamasi na sufi, na milima ya barafu, akamwambia akikua atamfumia joho. Alikuwa na nia ya kukesha, Mungu shahidi. Lakini mwili una mwisho wake, na wake ulikuwa umepita mwisho siku nyingi.

Alipozinduka, jua bado lilikuwa ukutani. Mikono yake ilikuwa mitupu.

Mtoto alikuwa karibu na dirisha, juu, usawa wa kifua cha mtu aliyesimama. Hakushikwa na kitu. Alikuwa amefungwa ndani ya kitambaa cha kijivu chenye madoa mawili matatu, kimemkaa vizuri, kichwa kimeegemezwa, na alikuwa anayumba polepole huku na huku. Pembeni yake, ndani ya kitambaa hicho hicho, palikuwa na uvimbe wa mwingine mdogo, umetulia.

Msusi aliinuka kwa magoti. Alinyoosha mikono yake, yote miwili.

"Mlete," akanong'ona. "Mlete mwanangu."

"Bado hajashiba," sauti ikasema.

Ndipo akaisikia. Ulimi na mate, na pumzi za puani, na katikati yake kitu alichokuwa hajakisikia kwa siku nyingi, mtoto wake anameza. Alikuwa anameza kwa pupa, anagugumia, anakohoa kidogo, anarudia. Kidole kimoja cha mguu, kilichotokeza nje ya kitambaa, kilikuwa kimeanza kurudisha wekundu wake. Mikono ya Msusi ilibaki imenyooka hewani mpaka ikachoka, akaishusha mapajani.

Gari likapiga honi kichochoroni. Mlango wa gari ukafunguliwa, viatu vya mama yake vikaja mbio.

"Mlete mtoto haraka, mwanangu, dereva hangoji! Yu hai? Niambie, yu hai?"

Msusi alijilaza tena kwenye mkeka, akageukia ukutani ili asione, akajifunika uso kwa kiganja.

"Msubiri kidogo, mama," akajibu. "Ananyonya."